Laptopu ndogo yenye chaji ya kudumu: Hesabu saa zako kabla ya kuhesabu pesa

NA MWANDISHI WETU

MZAZI anapopata habari kwamba mwanawe ameitwa chuo kikuu, nyumba nzima hujaa furaha. Muda si muda furaha hiyo hufuatwa na orodha ya mahitaji: karo, kodi ya chumba, godoro, sufuria na, siku hizi, laptopu. Ni hiyo ya mwisho inayowatoa wazazi wengi jasho. Godoro mtu anaweza kulibonyeza akajua kama litadumu. Laptopu ataibonyeza wapi?

Basi mzazi na mwanawe hushuka mjini. Jijini Nairobi wataanzia Moi Avenue, kisha wakate kona kuelekea Luthuli Avenue, huku mashine zikimetameta nyuma ya vioo vya maduka. Muuzaji naye hakosi maneno matamu: “Hii ni ndogo, ni nyepesi, na chaji inakaa siku nzima.” Pesa zilizotoka kwenye chama, kwenye sacco au kwenye mkopo wa masomo hulipwa, risiti huandikwa, na watu hurudi nyumbani wameridhika.

Lakini kabla ya muhula kwisha, mwanafunzi yuyo huyo huonekana maktabani akiwa amejikunyata karibu na soketi ya ukutani, waya umechomekwa kwenye mashine mfano wa mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Akiuchomoa tu, mashine inazimika. Stima ikipotea usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, hana la kufanya ila kungoja.

Na stima hupotea. Wengi tunaukumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zikakaa bila umeme hadi siku iliyofuata. Usiku kama huo ndio unaoonyesha ni nani alinunua mashine na ni nani aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kulifungua gunia hilo kabla ya kulipa. Na jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba swali la “laptopu gani ni nzuri?” halina jibu, mpaka ujibu lingine kwanza: Je, kwa siku moja wewe hukaa saa ngapi mbali na soketi?

Anza na siku yako, si na duka

Chukua mfano wa mwanafunzi anayekaa Rongai na kusomea katikati ya jiji. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurejea saa moja jioni. Hizo ni saa 13. Hata hivyo, mashine yake haiwi wazi muda wote huo. Tuseme ana mihadhara miwili ya saa mbili mbili, halafu anakaa maktabani saa mbili nyingine. Jumla ni saa sita za kazi.

Sasa aongeze theluthi moja juu yake, kwa sababu betri huchakaa na siku nyingine huwa ndefu kuliko kawaida. Anapata saa nane. Hiyo ndiyo shabaha yake: mashine itakayofanya kazi zake kwa saa nane kamili bila waya.

Mama wa nyumba hiyo hiyo, anayeweka hesabu za biashara yake mezani jioni, hahitaji saa nane. Saa tatu zinamtosha, za kumvusha stima inapopotea. Naye kaka anayesomea uchoraji wa majengo anahitaji mashine yenye nguvu, na hiyo ni nadra kuwa nyepesi na yenye chaji ndefu kwa wakati mmoja. Watu watatu, nyumba moja, mahitaji matatu. Anayekwenda dukani bila kujua saa zake huuziwa saa za mtu mwingine.

Tangi na kiu yake

Betri ni kama tangi la maji. Kuna ukubwa wa tangi, na kuna kiu ya wale wanaokunywa humo. Ukubwa wa tangi hupimwa kwa wati-saa, ambazo kwenye kibandiko cha betri au katika maelezo ya mashine huandikwa Wh. Kiu ya mashine hupimwa kwa wati. Ukigawanya wati-saa kwa wati, unapata saa.

Laptopu nyingi ndogo zina betri ya kati ya wati-saa 40 na 60. Tuchukue ya 50. Mwanafunzi akiwa anaandika na kusoma kwenye mashine isiyo na kiu kubwa, huenda ikatumia wati 6. Hamsini gawanya kwa sita ni saa nane na kidogo. Mwanafunzi yuyo huyo akiingia kwenye mkutano wa video, mwangaza wa skrini umepandishwa hadi mwisho, mashine yaweza kufikia wati 12 au zaidi. Hapo saa nane zimegeuka nne. Mashine ni ile ile na betri ni ile ile.

Ndiyo sababu neno la kuchunga kwenye boksi ni lile dogo la “hadi”. “Hadi saa 18” si ahadi ya saa 18. Kampuni ya Apple ilipotoa MacBook Air yenye chipu ya M1 mnamo Novemba 2020, yenyewe ilitangaza nambari mbili kwa mashine hiyo moja: hadi saa 15 za kuvinjari intaneti, na hadi saa 18 za kutazama filamu. Kutazama filamu ni kazi nyepesi kwa mashine, ingawa kwa binadamu yaonekana kubwa, kwa kuwa kuna sehemu maalumu ya chipu inayoifanya kwa umeme kidogo. Wengi wa watengenezaji huitangaza nambari ya filamu kwa herufi kubwa. Wewe isake ile ya intaneti, kisha uipunguze tena, kwa maana wao hupima mwangaza ukiwa umeshushwa na programu chache zikiwa wazi.

Wauzaji wengine watakutajia mAh badala ya wati-saa. Nambari hiyo peke yake haisemi lolote mpaka uijue volti. Zidisha mAh kwa volti, kisha ugawanye kwa 1,000. Betri ya mAh 4,000 yenye volti 11.4 ni ya wati-saa 45.6. Hesabu hii ya darasa la sita inaweza kukuokolea maelfu ya shilingi.

Somo la betri nne za tochi

Kuna wanaodhani kwamba chaji ndefu ni jambo la juzi. Historia yasema vingine.

Mwaka 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka iliyovuma sana, Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kama mtoto wa mwaka mmoja, na skrini ya inchi 5. Betri haikuwa nayo. Ulibeba mzigo huo wote, ukifika unatafuta soketi.

Miaka miwili baadaye, 1983, kampuni ya Tandy ya Marekani ilileta TRS-80 Model 100 iliyoundwa na Kyocera ya Japani. Hii ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.4 na ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zile za kutia kwenye rimoti. Kwa betri hizo nne ilifanya kazi hadi saa 20. Waandishi wa habari waliipenda mno, kwani waliweza kuandika mahali popote na kutuma habari zao kwa simu.

Iliwezaje? Haikuwa na tangi kubwa. Ilikuwa na kiu ndogo. Skrini yake ilionyesha mistari minane tu ya maandishi, haikuwa na taa nyuma yake, na ndani hakukuwa na diski ya kuzunguka. Kila kinachokunywa umeme kilikuwa kimepunguzwa.

MacBook Air ya 2020 ilifuata njia iyo hiyo. Betri yake ni ya wati-saa 49.9 tu, na haina hata feni. Siri ni kwamba chipu yake hunywa kidogo. Kwa upande mwingine, zipo laptopu za michezo zenye betri inayokaribia wati-saa 100, ukubwa ambao mashirika ya ndege huruhusu abiria kuingia nao bila kuomba kibali, na bado hazifikishi nusu ya siku. Kwa hivyo msomaji, ukiambiwa “betri kubwa”, uliza pia kuhusu kiu.

Uzito: mizani ya pakiti ya unga

Kilo hazionekani kwa macho zikiwa kwenye kioo cha duka. Huonekana begani, ukiwa umesimama kwenye matatu kutoka mjini hadi nyumbani.

Laptopu ya kawaida ya inchi 15.6 huwa na uzito wa kati ya kilo 1.7 na 2.2. Ukiongeza chaja yake nzito na waya, umeshapita pakiti ya unga ya kilo mbili. Laptopu ya inchi 13 au 14 iliyoundwa kwa ajili ya kubebwa huwa kati ya kilo 1.1 na 1.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini mwanafunzi huibeba asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, kwa miaka minne. Kwa sababu hiyo, daima pima mashine pamoja na chaja yake, maana chaja za zamani zaweza kuongeza gramu 300 na zaidi.

Hata hivyo, udogo una mpaka. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC ya inchi 7, isiyofika hata kilo moja. Dunia iliishangilia, na kampuni nyingine zikaiga. Lakini vidole vya mtu mzima vilibanana kwenye kibodi, skrini ilionyesha nusu ya ukurasa, na mashine ilikuwa na mwendo wa kobe. Baada ya miaka michache aina hiyo ikapotea madukani. Kwa mtu wa kuandika kurasa nyingi, inchi 13 au 14 ndizo zinazofaa. Chini ya 12, hakikisha kwanza unaketi na kuandika aya nzima dukani.

Wembamba nao una bei yake. Mashine nyingi nyembamba huwa na kumbukumbu, ile inayoandikwa RAM, iliyochomelewa kabisa ndani. Ukinunua yenye GB 4 leo, utazikwa nayo. Chukua GB 8 kwenda juu tangu mwanzo. Aidha, hesabu matundu yaliyopo. Mengine yana tundu moja au mawili ya USB-C tu, na itakubidi ununue kiunganishi cha kuchomeka flashi au projekta.

Mtego wa mpya ya bei ya chini

Ipo aina moja ya laptopu inayowanasa wazazi wengi. Ni mpya, bado ina plastiki yake, ni ndogo, ni nyepesi, na bei yake inavutia. Hata chaji yake si haba. Ndani yake mna prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC.

Kwa mtoto wa kusoma na kuandika kidogo, yaweza kufaa. Kwa mwanafunzi wa chuo ni mateso. Windows yenyewe inamaliza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na kila masahihisho mapya yakija mashine inalalamika kwamba haina nafasi. Kufungua kurasa sita za intaneti kunaifanya igande. Chaji inayodumu saa tisa haina faida ikiwa kazi ya saa moja inakuchukua saa tatu. Tafuta hifadhi ya SSD, na isipungue GB 256.

Kwa anayefanya kazi zake zote kwenye intaneti, Chromebook yaweza kuwa jibu la bei nafuu, kwa kuwa programu yake ni nyepesi. Lakini kila Chromebook ina tarehe ambapo masahihisho yake ya usalama hukoma. Mnamo 2023 Google iliahidi miaka 10 kwa zile zilizoundwa kuanzia 2021. Ya zamani iliyotumika yaweza kuwa imebakiza miezi tu. Uliza jina kamili la mashine, kisha uitafute tarehe hiyo kabla ya kulipa.

Zilizotumika Ulaya: hazina au hasara?

Kwa familia nyingi za mjini, mashine inayonunulika ni ile iliyotumika ofisini Uingereza au kwingineko ng'ambo, kisha ikaletwa huku. Hakuna aibu katika hilo. Mashine za ofisi kama ThinkPad za Lenovo, EliteBook za HP na Latitude za Dell ziliundwa kwa kazi ngumu. Kibodi zake ni nzuri, spea zake zapatikana, na mafundi wetu wanazifahamu kama viganja vyao. Kwa bei ya mashine mpya dhaifu, waweza kupata moja iliyo imara.

Lakini kuna mambo mawili ya kuchunguza kwa makini.

La kwanza ni kizazi cha prosesa. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa mashine za Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache mno. Hivyo basi ile EliteBook 840 G3 iliyojaa madukani, ambayo ni ya kizazi cha sita, imeachwa nje. ThinkPad X270 pia imeachwa nje. Nyingi za EliteBook 840 G5 na ThinkPad X280 zimo ndani.

Usitegemee jina lililoko kifunikoni peke yake. Soma jina la prosesa kwenye skrini. Ukiona i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi, na U ya mwishoni ni alama ya prosesa ya kunywa umeme kidogo. Ukiona H mwishoni, jua hiyo ni ya nguvu nyingi na kiu nyingi. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine zisizokubaliwa. Itawaka, ndiyo, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba itaendelea kupata masahihisho. Kama una mtu anayejua Linux, mashine hiyo ya zamani bado yaweza kukuhudumia bila gharama ya programu, mradi upatane na muuzaji bei inayolingana na umri wake.

La pili ni betri yenyewe. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikitunzwa. Nyingi huanza kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kujazwa na kumalizwa, ingawa zipo zilizoundwa kufikia 1,000. Mashine iliyokaa ofisini miaka minne ikiwa imechomekwa usiku na mchana yaweza kuwa inang'aa nje kama sarafu mpya huku betri yake ikiwa kikongwe.

Majaribio ya nusu saa dukani

Bahati nzuri ni kwamba uzee huo hauwezi kufichwa kwa urahisi. Mwambie muuzaji kwa adabu kwamba utahitaji nusu saa. Mwenye mali nzuri hatakukataza. Akikufukuza, naye amekujibu.

Kwanza, chomoa waya mara moja na uone kama mashine inabaki hai.

Pili, kwenye Windows, fungua kisanduku cha kutafutia, andika cmd na ubonyeze Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalotokea, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Mashine itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoiweka. Ifungue, utazame mistari miwili. “Design capacity” ni ukubwa wa tangi lilipotoka kiwandani. “Full charge capacity” ni ukubwa wake leo. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: tangi limebakiza asilimia 62. Ile mashine ya saa nane sasa ni ya saa tano.

Kwenye MacBook, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya betri, usome hali yake. Ukitafuta MacBook Air kwa ajili ya chaji ndefu, ziache zile za kabla ya Novemba 2020. Hakikisha pia mwenyewe wa awali ameondoa akaunti yake, kwani isipoondolewa utakuwa umenunua kipande cha bati.

Tatu, usiiamini ripoti peke yake, maana betri bandia hudanganya. Weka mwangaza katikati, fungua video ya intaneti na uiache icheze. Andika asilimia ya chaji unapoanza, na tena baada ya dakika 30. Ikishuka kutoka 90 hadi 80, utarajie saa tano hivi betri ikiwa imejaa. Ikishuka kutoka 90 hadi 60, ni saa moja na dakika 40 hivi mwisho wake.

Wakati video inacheza, pitisha kiganja chini ya mashine kusikia joto, bonyeza kila kibonye cha kibodi, jaribu kamera na spika. Angalia pia kama mashine inakaa sawasawa mezani. Ikiwa sehemu ya kugusia imeinuka au kifuniko cha chini kimevimba, betri imevimba. Iache hapo hapo. Betri iliyovimba yaweza kuwaka moto, na haifai kutobolewa wala kukandamizwa.

Betri iliyochoka si lazima ivunje biashara. Uliza bei ya betri mpya halisi na gharama ya fundi, kisha uiondoe kwenye bei ya mashine. Hayo ni mapatano ya haki.

Mwisho, dai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa dhamana, na uulize waziwazi kama dhamana hiyo inahusu betri. Maduka mengi huiacha nje kimya kimya. Ukilipa kwa M-Pesa, uhifadhi ujumbe wake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za kiwango kinachofaa pamoja na maelezo anayohitaji kuzitumia vyema. Lakini haki hiyo huwa nyepesi mkononi mwa asiye na karatasi. Jihadhari na mashine ya bei ya kutupa inayouzwa kando ya barabara bila chaja wala risiti. Kuna mwanafunzi mwingine anayeililia, na sheria haimhurumii anayepatikana na mali ya wizi.

Chaja moja, pawabenki moja

Ukipata mashine inayochajiwa kwa USB-C, umepata neema ndogo. Chaja moja yaweza kutumika kwa simu na laptopu, na nyumbani mtu akisahau yake, anaazima ya mwenzake. Uliza wati ngapi zinahitajika. Nyingi ndogo hutosheka na 45 au 65.

Neema nyingine ni pawabenki. Ile ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 hivi ndani yake, na hata baada ya umeme unaopotea njiani, yaweza kuijaza laptopu ndogo karibu mara moja. Lakini hakikisha ina tundu la USB-C linalotoa wati 45 au zaidi. Za kawaida za simu hazitaisogeza. Ukiwa na mashine ya saa tano na pawabenki ya namna hii, umefika saa nane au zaidi kwa gharama ndogo kuliko ya laptopu mpya.

Na tusisahau kwamba stima ikipotea, waifai ya nyumbani hupotea nayo. Chaji ya laptopu peke yake haitoshi kwa mwenye mtihani wa intaneti. Simu nayo iwe imejaa, yenye bando.

Chunguza masomo kabla ya mashine

Kabla ya kuamua, mwanafunzi aulize idara yake ni programu gani zitatumika hadi mwaka wa mwisho. Revit na SolidWorks, zinazotumiwa na wachoraji wa majengo na wahandisi, hazikuundwa kwa ajili ya MacBook. Vivyo hivyo, laptopu za Windows zenye chipu ya Snapdragon X, zilizoanza kuuzwa Juni 2024, zinasifika kwa chaji, lakini zipo programu za Windows na viendeshi vya printa vinavyogoma ndani yake. Mwenye kusomea sheria, ualimu, biashara au uandishi ana uhuru mkubwa zaidi, na ndiye anayefaidika zaidi na mashine ndogo.

Kitunze kidumu

Ukishanunua, adui mkubwa wa betri ni joto. Usiiache mashine kwenye gari lililoegeshwa juani, wala usiiweke juu ya blanketi ikiwa inafanya kazi. Mashine nyingi za kisasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika asilimia 80. Uwashe ikiwa unakaa mezani karibu na soketi, na uuzime siku ya safari. Usiilaze ikiwa imeisha kabisa kwa wiki kadhaa. Shusha mwangaza wa skrini hadi pale macho yanaporidhika, kwani skrini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa umeme.

Ukifanya hivyo, hata mashine iliyokwisha kutumika yaweza kumvusha mtoto hadi mahafali yake.

Kwa hivyo, wiki hii familia inayopanga kununua iketi mezani na karatasi moja. Iandike saa za kila mtu mbali na soketi, kazi atakazofanya, na uzito ambao bega lake litabeba. Ndipo mtu aende mjini. Muuzaji akianza maneno yake matamu ya “siku nzima”, utamuuliza swali moja tu: siku ya nani?